Kushika Imani Yako ya Siasa na Bado Upate Kitu Mkononi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa bajeti na kila kampeni zikikaribia, maswali yanarudi yale yale. "Nikubali hii nusu tunayopewa ama nikatae yote?" "Nikimpigia huyu kura si nitakuwa nimesaliti nilichopigania?" Na kila mara naona watu wazuri wakikwama mahali pale pale. Kuna wale wa yote ama hakuna, wanatoka mkutanoni vichwa juu lakini mtaani kwao hakujabadilika kitu. Halafu kuna wale wanaoanza na moto sana, wakishaitwa mezani mara mbili tatu wanaanza kusema "siasa ndo hivo bwana", na mwisho hata hawakumbuki walikuwa wanadai nini.

Msimamo wangu ni huu: unaweza kupunguza muda, ukapunguza kiasi, ukaacha hata sifa ziende kwa mwingine, na bado usipunguze kile unachokiamini. Lakini haiji yenyewe, kuna kazi ya kufanya kabla hujakaa na mtu yeyote, na kazi hiyo ndo hii hapa chini. Mifano yote ni ya Kenya manake ndo siasa ninayoijua vizuri.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la kuandika kwa mkono. Simu inafutika na inashikwa na wengine, daftari linakaa.
- Katiba ya 2010. Iko na ya Kiswahili pia. Weka alama kwenye vifungu vya 35, 37, 43, 118 na 119, na Jedwali la Nne.
- Mpango wa kaunti yako wa miaka mitano (wenyewe wanauita CIDP) na mpango wa maendeleo wa mwaka (ADP). Bila hizi utakuwa unabishana na hewa.
- Kalenda ya bajeti, nitaieleza kwa hatua ya nne.
- Watu wawili wa kukukosoa, mmoja ambaye ni mkali kuliko wewe na mwingine anayeona wewe ndo umezidi ukali. Wote wawili wawe watu unaowaheshimu.
- Jioni kadhaa za utulivu. Hii kazi haifanyiki kwa group ya WhatsApp watu wakirushiana maneno.

Kama kaunti inakataa kukupa hizo stakabadhi, kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari na sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 kukujibu. Unaandika barua kwa Kiswahili tu, hakuna anayeruhusiwa kukurudisha eti uandike Kiingereza. Wakikunyamazia unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

## Hatua ya 1: Andika unachoamini kwa sentensi moja, bila jina la mtu wala chama

Chukua daftari uandike. Mfano: "Hakuna mtu anayefaa kufa kwa sababu hana pesa ya matibabu." Ama: "Pesa ya umma isomeke na yeyote anayetaka kuisoma."

Kwa nini bila jina? Kwa sababu wanasiasa wanahama na wewe unabaki. Machi 9, 2018 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais, na mpinzani wake Raila Odinga walisimama kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais Nairobi, wakapeana mikono, miezi michache tu baada ya uchaguzi uliomwaga damu, na wafuasi wa pande zote mbili waliamka kesho yake hawajui wanaamini nini tena. Majirani walikuwa wamekosana kabisa, wengine walikuwa wameacha kusalimiana. Yule aliyekuwa ameandika "nataka tume ya uchaguzi inayoaminika" alikuwa bado na kazi yake mkononi baada ya zile picha. Yule aliyekuwa ameandika jina alibaki na jina tu.

Onyo: kama sentensi yako inaanza na "huyu lazima aende" au "fulani tosha", bado hujafika. Hiyo inaweza kuwa njia, na nafasi yake iko mbele, lakini siyo imani.

Utajua umefaulu ukiweza kumsomea mpinzani wako ile sentensi, na ukiweza kuishika hata kama mgombea wako atahamia upande wa pili kesho asubuhi.

## Hatua ya 2: Tenganisha msingi, lengo na njia

Hapa ndo watu wengi wanapotea, kwa hivyo usiruke.

Msingi ni kile ambacho ukikiacha wewe si wewe tena. Lengo ni hali unayotaka kuona. Njia ni jinsi ya kufika. Tukibaki na afya, msingi ni ule wa mtu asife kwa kukosa pesa. Lengo ni zahanati ya karibu iwe na muuguzi na dawa na hospitali isimfungie mgonjwa kwa sababu ya bili. Njia ziko nyingi: kodi, bima, ruzuku, au mchanganyiko. Oktoba 1, 2024 Kenya ilitoka NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ikaingia SHA, bima mpya, mwenye mshahara akaanza kukatwa asilimia 2.75, na watu wakagawanyika vibaya sana. Ukisikiliza vizuri ule ugomvi, karibu wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Waliotofautiana walitofautiana kwa njia, nani alipe, kiasi gani na akiba ikae wapi, lakini walikuwa wanaitana maadui wa msingi.

Chora mistari mitatu kwenye ukurasa, uweke kila unachokitaka kwenye safu yake. Halafu jiulize kwa kila kitu ulichoweka kwenye msingi: niko tayari kupoteza nini ili nikishike hiki? Cheo? Marafiki? Tenda? Kama jibu ni "hapana, hiki si cha kupotezea urafiki", kihamishe, hicho ni njia.

Onyo: misingi ikizidi mitatu au minne ujue umejaza njia humo ndani. Mtu ambaye kila kitu kwake ni msingi hawezi kukubaliana na mtu yeyote, hata mke wake. Na mwenye safu tupu ya msingi atanunuliwa, ni suala la lini tu.

Mpe daftari yule rafiki mkali na yule mpole. Mkali akikuambia "umelegea hapa" na mpole akikuambia "hapa umekaza bure" kuhusu vitu tofauti, uko karibu na mahali pazuri.

## Hatua ya 3: Jua nani ana uwezo wa kukupa

Hii ni fupi lakini inaokoa miaka. Soma Jedwali la Nne la Katiba, ndo linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti 47.

Kaunti: zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko, maji ya kwenu. Serikali kuu: shule za msingi na sekondari, polisi, hospitali kubwa za rufaa za kitaifa, barabara kuu, sera za jumla.

Nimeona watu wakimzomea MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, kwa sababu ya kituo cha polisi, na mbunge akipongezwa kwa zahanati ambayo hakuhusika nayo kabisa. Ukimdai mtu kitu ambacho hana mamlaka nacho unampa zawadi kubwa, manake anakuahidi kwa roho safi akijua hutakuja kumshika popote.

Umefika ukiwa na jina la ofisi moja, siyo "serikali".

## Hatua ya 4: Shusha lengo liwe dai

Dai lina vitu vinne: nini, kiasi gani, nani, na lini. Kama kimoja hakipo, hilo ni ombi la kheri.

Tuseme kwenu kuna zahanati iliyojengwa, rangi ilishapakwa, bango la mfadhili liko mlangoni, lakini kufuli halijafunguliwa tangu siku ya uzinduzi. Watu wa yote ama hakuna wanaenda mkutanoni wanasema "tunataka afya bure kwa wote". Afisa anaandika, anatikisa kichwa, mkutano unaisha. Sasa jaribu hivi: "Tunataka wauguzi wawili waajiriwe zahanati hii na tangi la maji liwekwe, iingie kwenye mpango wa mwaka ujao chini ya idara ya afya, na ifunguliwe kabla ya Desemba." Msingi haujaguswa hata kidogo. Umeushusha hatua moja hapa duniani ambapo mtu anaweza kuulizwa "mbona hujafanya?"

Na lazima uje wakati wake. Chini ya sheria ya 2012 ya usimamizi wa fedha za umma kalenda ni hii:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti. Kama dai lako haliko humu, kuliingiza baadaye ni vita.
- Februari 28: mkakati wa fedha, hapa ndo wanaamua kila idara ipate kiasi gani. Watu wengi hawaendi na ndo mkutano wenye maana zaidi kuliko yote.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yanafika bungeni.
- Juni 30: yawe yamepitishwa, manake Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza.

Wengi wanakuja mwezi wa sita kwa kelele, wakati pesa ilishagawanywa Februari.

Niwaonyeshe mkutano wenyewe unavyokuwa maana wengine hawajawahi kukaa mmoja mpaka mwisho. Tenti mbili, viti vya plastiki, ilisemwa saa tatu na maafisa wanafika saa tano. Kwanza karatasi ya kusaini inazunguka kabla hata hamjaambiwa mmeitwa kwa nini, na ile karatasi ndo itakuja kuwa ushahidi kwamba "wananchi walishirikishwa". Anasimama afisa na kitabu kinene cha Kiingereza, anasoma jumla za idara haraka haraka, milioni hii milioni ile. Wazee wanaongea kuhusu heshima ya eneo, kijana mmoja anatukana gavana na kupigiwa makofi, kisha soda na mkate, halafu kila mtu anaenda zake. Ukitaka kitu kwenye mkutano kama huo, njoo na dai lako limeandikwa nakala mbili. Moja unamkabidhi karani, nyingine anakupigia muhuri ama anaandika "imepokelewa" na tarehe na sahihi yake. Kabla ya kusaini ile orodha, andika pembeni ya jina lako neno moja la unachounga mkono. Na kama wanasema hakuna nafasi ya kuandika, usisaini, na uandike kwenye daftari lako kwa nini hukusaini.

Mambo yamekwenda sawa ukiwa na ile nakala yenye muhuri.

## Hatua ya 5: Andika viwango vitatu kabla ya kukaa mezani

Kwenye ukurasa mpya: ninachotaka, ninachokubali, na ninapoondoka.

Kwa ile zahanati: nataka wauguzi wawili, maji na dawa kabla ya Desemba. Nakubali muuguzi mmoja na tangi la maji kabla ya Machi, wa pili aingie bajeti inayofuata kwa maandishi. Naondoka wakisema zahanati ifunguliwe lakini kila mgonjwa alipie kitu kisichokuwa na risiti, ama wakitaka nisimame jukwaani niwasifu kabla hata muuguzi hajafika.

Sababu ya kuandika mapema ni kwamba ukishaketi mle ndani, ukaitwa "mheshimiwa kiongozi wetu wa vijana", ukapewa chai, ukaulizwa habari za mama, mpaka wako unahama polepole na huoni. Sisemi hao watu ni wabaya wote. Heshima ina nguvu, na mtu aliyezoea kufukuzwa mlangoni akikaribishwa ndani anaona tayari amepata kitu. Daftari ndo litakukumbusha ulikuja kutafuta nini.

Onyo kubwa: usibadilishe kiwango cha tatu siku ya mkutano. Hata wakikupa hoja nzuri sana, sema "nimesikia, nitarudi na wenzangu". Kama hoja ni nzuri leo itakuwa nzuri na Jumatatu.

Na usiende peke yako. Mtu mmoja akikutana na ofisi hata akiwa malaika watasema amekula.

## Hatua ya 6: Pima nusu unayopewa

Hapa ndo moyo wa mwongozo wote, tulia nayo.

Kupewa nusu si kosa na kukubali nusu si usaliti. Swali ni nusu ya aina gani. Jiulize manne:

1. Nusu hii inaacha mlango wazi wa nusu nyingine, au inaufunga?
2. Ina tarehe?
3. Wasipotimiza inakuwaje, na nani anashika hiyo adhabu?
4. Inajiendesha yenyewe ama inategemea roho nzuri ya mtu?

La nne ndo wengi hawaulizi na ndo kubwa kuliko yote. Angalia Katiba ya 2010. Januari 2010 wabunge walikaa Naivasha wakaikata rasimu ya wataalamu, wakatoa mfumo wa rais na waziri mkuu kugawana mamlaka wakaweka urais mtupu, na seneti wakaipunguzia nguvu. Watu waliopigania katiba mpya tangu miaka ya tisini waliumia. Wangeweza kusema hii si ile tuliyoifia, tuitupe. Wengi wao waliamua kuiunga mkono, na Agosti 4, 2010 kama asilimia 67 ya waliopiga kura walisema ndio. Kwa maoni yangu waliamua vizuri, na sababu ni kwamba ile nusu ilikuwa imejaa vitu vinavyojiendesha. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, hakuna rais anayehitaji kuamka na furaha ndo zipate. (Hesabu yenyewe inategemea ukaguzi ulioidhinishwa na bunge, na ukaguzi huo ukichelewa wanapiga kwa takwimu za zamani, kwa hivyo hata hapo kuna mwanya.) Viti 47 vya wawakilishi wa wanawake vimeandikwa mle mle, vikajazwa uchaguzi wa kwanza kabisa wa 2013 bila mtu kubembelezwa.

Sasa linganisha na kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Kanuni ni moja lakini iliandikwa kwa namna mbili. Kwa mabunge ya kaunti, kifungu cha 177 kinasema hesabu ikikosa kutimia viti maalum viongezwe mpaka itimie. Ikafanya kazi. Kwa bunge la taifa wakaandika kanuni bila mashine ya kuitimiza. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ikasema itatimizwa hatua kwa hatua, sheria yake iwe imepatikana kufikia Agosti 27, 2015. Tarehe ilikuwepo! Ikapita. Mahakama zikaamuru tena, bunge likaleta miswada ikafa kwa kukosa idadi ya wabunge. Septemba 21, 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais avunje bunge kama kifungu cha 261 kinavyosema. Adhabu nayo ilikuwepo! Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha ule ushauri, bunge halikuvunjwa, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika kanuni ikiwa bado haijatimia.

Kwa hivyo tarehe peke yake haitoshi, na adhabu haitoshi kama anayetakiwa kumwadhibu mwenye makosa ni mwenye makosa mwenyewe au mtu aliye karibu naye. Ukiwa mezani na unaweza kuchagua kati ya ahadi kubwa na utaratibu mdogo unaojiendesha, chukua utaratibu. Kwa zahanati yetu: "tutawaletea wauguzi wengi" ni ahadi. "Nafasi ya muuguzi imeandikwa kwenye bajeti, mstari fulani, na shilingi zake" ni utaratibu. Mwaka ujao huo mstari unaanza kama kitu kilichopo, na kukitoa inabidi mtu ajieleze.

Nusu ya kukataa ni ile inayofunga mlango. Mfano wakisema mpate tangi lakini msaini kwamba mmeridhika na hamtadai tena. Ama ile inayokupa wewe kwa kumnyang'anya mtu dhaifu kuliko wewe, wauguzi wenu watoke zahanati ya kijiji cha pili. Hapo unakataa hata kama watu wako watakukasirikia, na watakukasirikia.

Umepima vizuri ukiweza kumweleza mtu asiyekuwepo kwa dakika mbili: tumechukua nini, tumeacha nini, na tunarudi lini kwa kilichobaki.

## Hatua ya 7: Tumia barabara na meza pamoja

Kuna watu wanaona maandamano ni utoto na kuna wanaoona mazungumzo ni uoga. Hakuna kati yao anayepata kitu peke yake.

Juni 2024 vijana walisimama dhidi ya Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Juni 18, siku ile ile ya maandamano ya kwanza makubwa Nairobi, upande wa serikali ulitangaza kutoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5. Hiyo ilikuwa nusu. Vijana wakasema hapana, mswada wote. Juni 25 bunge likapitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, watu wakaingia bungeni, risasi zikapigwa, watoto wa watu wakafa pale. Juni 26 rais akasema hatatia sahihi.

Kataa yote ilifanya kazi pale, na ni muhimu kuelewa kwa nini. Dai lilikuwa moja na kila mtu alilijua, kiasi kilikuwa mswada wote, aliyekuwa na uwezo wa kulitimiza alikuwa anajulikana, na kulikuwa na tarehe, kwa sababu mwaka wa fedha ulikuwa unaanza Julai 1. Yote manne ya hatua ya 4 yalikuwepo. Baadaye madai yalipanuka yakawa mengi, kila mtu na lake, na Desemba mwaka ule ule sheria ya marekebisho ya kodi ikapita na baadhi ya mapendekezo yakarudi kupitia mlango mwingine wakati watu wamechoka na wengine wamesafiri kwa Krismasi. Wale waliokufa walistahili tubaki macho mpaka Desemba. Nalisema kwa uchungu.

Kwa hivyo: mnapoandamana, na kifungu cha 37 kinawapa haki hiyo mkiwa na amani na bila silaha, teueni watu wengine ambao hawataenda barabarani siku hiyo. Kazi yao ni kusoma miswada, kuandika maoni kamati zikiyaita kwa kifungu cha 118, na kupeleka ombi bungeni kwa kifungu cha 119 ambacho kinampa kila mtu haki hiyo.

Onyo: hakuna dai la bajeti linalozidi uhai wa mtu. Panga njia ya kutoka, wakili wa kupigiwa, na aina ya damu na majina ya wazazi kwa karatasi mfukoni. Hii si ya kuachia bahati.

## Hatua ya 8: Kura, wakati hakuna mgombea unayemtaka

Kenya unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Watu wanajaza sita kwa rangi moja halafu wanalia miaka mitano.

Fanya hivi. Chukua safu yako ya msingi uitumie kama chekeche, yule anayevunja msingi anatoka, hata kama ni wa kwenu na hata kama anaongoza. Waliobaki usiwapime kwa imani tena, wapime kwa kazi ya kiti chenyewe. MCA: anajua kalenda ya bajeti? Aliwahi kuuliza swali lolote kwa idara? Seneta: ataitetea pesa ya kaunti? Rangi zinaweza kuchanganyika, hakuna dhambi.

Wote wakivunja msingi kwenye karatasi moja, iache hiyo moja na ujaze tano zingine. Kukaa nyumbani siku nzima kwa sababu ya kiti kimoja ni kuwapa watano bure.

## Yanayokwamisha watu njiani

"Wananiita msaliti." Toa daftari, waonyeshe kile kiwango cha pili mlichokiandika pamoja kabla ya mkutano. Kama mlikubali pamoja na wewe hukuzidisha, simama. Kama ulikubali kitu ambacho hakikuwa kwenye ukurasa, wana haki ya kukuuliza.

"Mmoja wetu amekula." Mtoe kwenye kazi ya mezani siku hiyo hiyo, kimya kimya, asitangazwe kabla hamjathibitisha. Dai libaki pale pale.

"Nimebadilisha mawazo." Kama umebadilisha njia, ni sawa kabisa, ndo maana ya kujifunza. Kama ni msingi, andika tarehe na sababu, halafu angalia ulikuwa umepokea nini wiki hiyo.

"Hatujapata chochote mwaka mzima." Angalia nakala zenye mihuri. Kama hamna hata moja rudini hatua ya 4, kama mnazo tatu ama nne nendeni nazo kwa Ombudsman au kamati ya bunge la kaunti, na mwambieni mwandishi wa redio ya hapo kwenu aje siku mnapoziwasilisha.

Na kama unasoma hii kabla Septemba haijaingia, usianze na hatua ya kwanza kwa urefu. Andika ile sentensi leo usiku, kesho nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize rasimu ya mpango wa mwaka iko wapi na maoni yanapokelewa mpaka lini.